Amepata kiharusi na hasemi: je, bado anatuelewa?

Ninapomtembelea nyumbani mgonjwa wa kiharusi, mara nyingi nakuta ndugu wakimzungumzia huku amelala pale pale. "Huyu hana akili tena, nesi," wananiambia. Mimi humsogelea, humsalimu, kisha humwomba afumbe macho. Wengi hufumba.

Kwa nini maneno hupotea?

Ubongo una nusu mbili. Nusu ya kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, na nusu ya kulia huongoza upande wa kushoto. Lakini kazi zote hazikugawanywa sawasawa. Kwa watu wengi, lugha hutegemea zaidi nusu ya kushoto.

Mwaka 1861, daktari Paul Broca wa Paris alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka "tan" tu, ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto.

Ndiyo maana mtu aliyepooza upande wa kulia mara nyingi hupoteza na maneno. Hali hii huitwa afasia. Si wazimu, wala hajarogwa. Wengine huelewa lakini maneno hayatoki. Wengine huongea sana bila kueleweka, na wao wenyewe hawaelewi vizuri wanachoambiwa.

Kiharusi kikipiga nusu ya kulia, mgonjwa anaweza kuongea vizuri lakini akasahau upande wake wa kushoto. Anakula wali wa nusu ya sahani na kuuacha mwingine. Si ukaidi. Mzungushie sahani.

Hatufanani

Kati ya watu 100 wanaotumia mkono wa kulia, takribani 95 lugha yao iko kushoto. Kwa wanaotumia mkono wa kushoto, ni takribani 70. Waliobaki iko kulia, au pande zote mbili. Kwa hiyo usimhukumu mgonjwa kwa kuangalia upande uliopooza. Mpime kwa kuzungumza naye.

Ufanye nini nyumbani?

- Zima redio, kaa mbele yake, sema sentensi fupi.
- Uliza swali moja la ndiyo au hapana, kisha subiri. Baadhi huchanganya majibu hayo, hivyo angalia pia uso na mkono wake.
- Tumia picha, au mwonyeshe kitu chenyewe: kikombe, shuka, dawa.
- Usimsemeshe kama mtoto, wala usijadili mali au mazishi mbele yake.
- Uliza hospitali kuhusu mtaalamu wa tiba ya usemi. Wengi huendelea kupata nafuu kwa miezi mingi.

Ukiona mtu ghafla uso umepinda, mkono umelegea au maneno yamevurugika, angalia saa na umkimbize hospitali. Usimpe chakula, maji wala dawa. Usisubiri kesho, hata kama dalili zimepotea.