Kweli au Uongo: Taka za Kidonge cha Brufen

Neno "kijani" siku hizi limebandikwa kwenye sabuni, rangi za nyumba na hata mifuko ya saruji, nalo limezaa imani ambazo mkemia akizisikia hukuna kichwa. Tuzipime.

"Kemia ya kijani ni kuacha kemikali na kurudi kwenye vitu vya asili."

Uongo. Sumukuvu ni ya asili mia kwa mia, na mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya kupitia mahindi. Pareto inayolimwa Mufindi na Nakuru nayo ni ua tu. Dawa yake huvunjwavunjwa na jua upesi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa, lakini ukisuuzia bomba la kupulizia mtoni utaua samaki. Paul Anastas na John Warner, Wamarekani walioandika kanuni 12 za kemia hii mwaka 1998, waliweka kanuni moja tu inayohusu malighafi zinazooteshwa upya, tena ni ya saba. Ya kwanza inahusu taka: heri zisizalishwe kabisa kuliko kuzalishwa halafu zikahangaikiwa.

"Kiwanda chenye mtambo wa kusafisha majitaka ni cha kijani."

Uongo, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtambo huo ni jambo jema, lakini unashughulika na uchafu uliokwisha kuzaliwa. Tazama ibuprofeni, ile Brufen ya duka la dawa la mtaani. Kampuni ya Boots ya Uingereza iliyoigundua ilikuwa ikiitengeneza kwa hatua sita. Kwa uzito wa malighafi zilizoingia kwenye mmenyuko, asilimia 40 tu ndiyo iliyoishia ndani ya dawa. Iliyobaki ilitoka kama taka hata pale ambapo hakuna aliyekosea lolote. Hatua ya kwanza ilitaka aluminiamu kloraidi kwa wingi, na hiyo ikishafanya kazi yake hairudishiki: humwagiwa maji, ikageuka tope la kutupwa.

Mwaka 1992 kiwanda kipya kilianza kazi Bishop, Texas, kwa njia ya hatua tatu. Asilimia 40 ikapanda hadi 77, na kwa kuwa kinachotoka pembeni ni asidi ya siki, ambayo hukusanywa na ina kazi yake, hesabu inakaribia 99. Vichocheo vya paladi na nikeli hutumika tena na tena. Mwaka 1997 njia hiyo ilipata tuzo ya Rais wa Marekani ya kemia ya kijani. Aliyeleta ushindi ni mtu aliyeandika mapishi upya.

"Viwanda vya dawa ni visafi kuliko vya mafuta."

Inategemea unapima nini. Mkemia Roger Sheldon alikuja na kipimo chepesi mwaka 1992: kilo ngapi za taka kwa kila kilo ya bidhaa. Kusafisha mafuta ghafi kulitoa takriban gramu 100. Dawa? Kilo 25 hadi zaidi ya 100, sehemu kubwa ikiwa viyeyusho. Wenye makoti meupe waone haya kidogo. Ila mafuta husafishwa kwa mamilioni ya tani, kwa hiyo jumla ni habari nyingine. Tena kipimo chenyewe hakichagui, kilo ya chumvi ya mezani na kilo ya zebaki vinaandikwa sawa.

"Ni anasa ya matajiri, inaongeza gharama."

Mara nyingi uongo. Kiyeyusho hununuliwa, hupashwa moto, kisha hulipiwa tena ili kiteketezwe. Pfizer walipopanga upya utengenezaji wa sertralini, dawa ya sonona, hatua tatu ziliunganishwa kuwa moja, viyeyusho vinne vikapisha ethanoli peke yake, na mazao yakaongezeka maradufu. Kinachouma ni mtaji wa mwanzo, maana kubomoa mtambo unaofanya kazi ili ujenge mwingine si uamuzi wa asubuhi moja.

"Mtambo wa kijani hauna hatari kwa mfanyakazi."

Uongo mtupu. Turudi Bishop. Aluminiamu kloraidi iliondoka, mahali pake ikaingia haidrojeni floraidi, ambayo ni kichocheo na kiyeyusho kwa pamoja, na karibu yote hurudishwa kwenye mzunguko. Kwa hesabu ya taka, safi kabisa. Lakini asidi hiyo hupenya ngozi hadi ndani na kunyakua kalisiamu ya mwili. Mtu anaweza kufa kwa kuungua eneo dogo tu, ndiyo maana wanaofanya nayo kazi huweka karibu jeli ya kalisiamu ya kupaka papo hapo. Kanuni ya 12 inataka kemikali zinazopunguza uwezekano wa ajali, na kwa kanuni hiyo mtambo uliopewa tuzo hauna cha kujivunia. Wanakemia bado wanajaribu vichocheo yabisi, zeolaiti zikiwemo, ili asidi hiyo nayo iondoke.