Kula na Watoto Unguja: Uliza Saa Kabla ya Kuuliza Mahali

Likizo za shule zinapokaribia, wazazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanaojiandaa kuvuka kwenda Unguja huniuliza swali moja: tukiwa na watoto, tukale wapi? Wanatarajia niwatajie jina la mkahawa. Majina yapo, na mawili nitayataja hapa chini. Lakini hoteli inayomlisha mtoto vizuri saa saba mchana inaweza kumletea maradhi saa kumi na moja jioni, ilhali mpishi ni yuleyule na sufuria ni ileile. Kilichobadilika ni muda. Katika kazi ya usalama wa chakula, hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: anayesafiri na watoto achague kwanza saa ya kula, mahali patafuata.

Tahadhari hii ina sababu. Shirika la Afya Duniani, katika makadirio yake ya mwaka 2015, lilieleza kwamba watoto wa chini ya miaka 5 ni asilimia 9 tu ya watu wote duniani, lakini karibu theluthi moja ya vifo vinavyotokana na chakula kisicho salama ni vyao. Kinga ya mtoto bado inajengeka, na mwili wake mdogo una akiba ndogo ya maji. Kuhara kunakomlaza baba kitandani nusu siku kunaweza kumfikisha mtoto wa miaka miwili hospitalini.

Saa ya chungu

Bakteria wengi wanaoleta maradhi ya chakula huzaana upesi kati ya nyuzi joto 5 na 60. Hewa ya Unguja, ambayo mchana huwa karibu na nyuzi 30, imo humo humo. Wakipata mazingira yanayowafaa, baadhi yao huongezeka maradufu kila dakika 20, kiasi kwamba mmoja huwa zaidi ya 500 katika saa tatu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya moto au friji kwa zaidi ya saa mbili.

Wali unahitaji jicho la pekee, kwa kuwa ndicho chakula watoto wengi hukiomba kwanza. Mchele huja na spora za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na spora hizo hustahimili maji yanayochemka. Wali ukiachwa upoe taratibu ndani ya sufuria kubwa, spora huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu. Sumu yake ya kutapisha haiharibiki hata wali ukipashwa moto tena. Kwa hiyo wali wa nazi unaotoka mvuke saa saba mchana mpe mtoto kwa moyo mweupe. Ule uliobaki chini ya sufuria jioni, uache.

Hapa ndipo hoteli za kawaida za Mji Mkongwe zinapowafaa wenye watoto. Nyingi hupika chakula cha mchana kwa wafanyakazi wa maofisini, wachukuzi na wenye maduka. Sufuria huja na moto wake, wateja hufika kwa wingi, na chakula huisha. Lukmaan, pale Mkunazini, ni mfano unaojulikana: vyakula vimepangwa nyuma ya kioo, na mtoto anaonyesha kwa kidole anachokitaka badala ya kusomewa orodha ndefu. Mtoto aliyechagua mwenyewe kati ya pilau, maharage ya nazi, ndizi na samaki wa kukaanga hula kwa utulivu zaidi kuliko aliyechaguliwa.

Ukifika mahali usipopajua, angalia mambo machache kabla ya kuketi. Je, wenyeji wanakula pale na watoto wao? Je, kuna maji yanayotiririka na sabuni ya kunawia, maana wali huliwa kwa mkono? Je, chakula kinafukiza mvuke au kimetulia tu? Kisha muulize anayepakua, kwa adabu: "Shikamoo mama, wali huu umeivishwa saa ngapi?" Mpishi mwenye chakula kipya atajibu kwa furaha.

Saa ya samaki

Samaki ana saa yake, nayo huanzia dikoni. Wavuvi wengi hutoka usiku na kurudi asubuhi, na minada katika madiko kama ya Malindi na Nungwi huchangamka mapema. Samaki wa asubuhi anayeliwa mchana huo huo ni zawadi ya kisiwa kwa mtoto. Nguru anafaa sana: minofu yake ni mizito, na miiba yake ni mikubwa na rahisi kuitoa. Changu na tasi ni watamu, lakini mzazi inabidi achambue nyama kwa vidole kabla ya kumpa mtoto.

Hata hivyo nguru, jodari na vibua wana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Wakikosa barafu baada ya kuvuliwa, bakteria hugeuza sehemu ya protini yao kuwa histamini, na histamini haiondolewi kwa kukaanga wala kuchoma. Aliyeila huweza kuhisi mdomo ukiwasha kama wa pilipili, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio ndani ya muda mfupi. Mtoto akisema samaki "anawasha" ilhali hana pilipili, mwondolee sahani mara moja. Usimwambie anadeka.

Forodhani na saa ya magharibi

Hakuna familia itakayotaka kuondoka mjini bila kufika Forodhani. Bustani hiyo, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, hugeuka soko la vyakula jua linapozama. Watoto huipenda kwa taa, moshi na kelele zake. Mimi pia naipenda, na sikubaliani na wanaowaambia wazazi waiepuke. Kinachotakiwa ni kuchagua.

Kanuni yangu ni kuchagua kinachoanza kikiwa kibichi na kuiva mbele ya macho yako. Pizza ya Zanzibar inafaa: unga unatandazwa pale pale, nyama ya kusaga, kitunguu na yai vinatiwa ndani, na chote kinakaangwa juu ya chuma. Mwombe mpishi aache yai liive hadi ndani. Juisi ya miwa inayokamuliwa mbele yako inafaa pia, mradi isitiwe barafu usiyoijua ilikotoka. Vijiti vya kamba, pweza na samaki vilivyopangwa mezani tangu jioni, ambavyo hupashwa tu juu ya mkaa mteja anapofika, wape watu wazima. Pweza, hata akiwa mpya, ni mgumu kwa meno madogo na ni rahisi kumkaba mtoto. Ukitaka urojo, onja wewe kwanza, maana ukali wa ndimu na pilipili hutofautiana kutoka meza hadi meza.

Nenda mapema, magharibi ikiingia, kabla msongamano haujawa mkubwa na moshi haujawa mwingi. Kubaliana bei kabla chakula hakijawekwa motoni. Na mshike mtoto mkono: ukuta wa bahari uko wazi, na vijana wa mjini hujirusha majini kutoka hapo. Mtoto mgeni anaweza kutamani kuwaiga.

Saa ya bahari

Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani na Michamvi, maji hupwa mbali sana, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji yakiwa yamejaa watoto hawatataka kutoka majini. Yakipwa, wanatafuta la kufanya na njaa inawakumbuka. Basi panga mlo wa mchana wakati maji yanapwa, ukikumbuka kwamba saa hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Kule Michamvi Pingwe, mkahawa wa The Rock, uliojengwa juu ya jabali ndani ya bahari, hufikiwa kwa miguu maji yakipwa na kwa boti yakijaa. Mwenye mtoto mchanga aulize hali ya maji kabla ya kuweka nafasi. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali hivyo, na ratiba inakuwa huru zaidi.

Mikahawa mingi ya ufukweni hupika baada ya kuagizwa. Kwa usalama wa chakula hilo ni jema, kwa tumbo la mtoto ni mtihani, kwa sababu sahani inaweza kuchukua muda wa saa nzima. Dawa yake ni kupita asubuhi na kuagiza chakula cha mchana, ukitaja saa mtakayorudi. Wapishi wengi hufurahia, maana wanajua cha kununua dikoni. Wakati huo huo sema kuhusu pilipili, na mwambie mpishi waziwazi kama mtoto ana mzio wa kamba, yai, karanga au korosho. Usiseme tu "hapendi". Sema "akila ataumwa", ili naye atenge kikaango.

Kati ya mlo na mlo

Mtoto hawezi kungoja kama mtu mzima, hivyo beba cha kumtuliza. Matunda yanayomenywa ndiyo salama zaidi: ndizi, machenza, embe. Soko la Darajani limejaa. Shokishoki huvutia watoto kwa ganda lake jekundu, lakini kokwa yake huteleza kooni, kwa hiyo mtolee kokwa kwanza. Dafu lipasuliwe mbele yako. Maji yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa. Kachumbari ya kuoshwa kwa maji ya bomba mpitishie mtoto mbali, kwani ndimu haiui vijidudu vyote.

Mkisafiri mwezi wa Ramadhani, hoteli nyingi za wenyeji hazifunguliwi mchana, na kula hadharani si heshima kwa wenyeji waliofunga. Watoto wadogo wale chumbani au kwenye hoteli za kitalii. Kisha magharibi mtakuta utajiri wa futari: uji, tambi, muhogo wa nazi, bokoboko. Ni vyakula laini, vingi vyake havina pilipili, na vimetoka motoni muda huo. Mtoto mdogo hataona mlo bora kuliko huo mwaka mzima.

Katika begi weka pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Mtoto akianza kuhara, koroga pakiti moja katika lita 1 ya maji safi na umpe kidogo kidogo, mara kwa mara. Macho yakizama, mkojo ukikauka, au kinyesi kikiwa na damu, usingoje asubuhi. Mpeleke kituo cha afya.

Nina ombi kwa wenye mikahawa ya Unguja pia. Pakueni sahani za watoto saa kumi na mbili jioni, kabla hawajasinzia mezani. Andikeni ubaoni saa kila chungu kilipoepuliwa. Wekeni sabuni penye bomba. Gharama yake ni ndogo, na familia iliyokula salama hurudi mwaka unaofuata ikiwa na majirani zake. Nanyi wazazi, msione haya kuuliza chakula kimepikwa saa ngapi. Kadiri wateja wengi wanavyouliza, ndivyo kila jiko kisiwani litakavyojizoesha kuwa na jibu.