Jumba Lenye Risasi Chache

Kwenye vibanda vya gemu vya Kirumba, kwetu kando ya ziwa, mpira ndio unaotawala. Wawili wanakaa kwenye benchi, wanashika padi, mechi inaisha, wanapisha wengine. Gemu ya mtu mmoja anayetembea polepole ndani ya jumba la giza haimwingizii hela mwenye kibanda. Ndiyo maana Resident Evil niliichezea nyumbani, kwenye PlayStation aliyokuja nayo kaka, usiku, wadogo wakiwa wamelala. Hakuna gemu nyingine iliyowahi kunitia woga namna ile.

Ilitoka Japani Machi 1996, kazi ya kampuni ya Capcom chini ya mwongozaji Shinji Mikami. Wazo lilichota kwenye Sweet Home, gemu ya Capcom ya 1989, nayo ya jumba lenye mizimu. Kisa ni chepesi: askari wa kikosi maalumu wanafukuzwa na mbwa waliooza, wanakimbilia jumba la kifahari msituni, na ndani wanakuta wafu wanaotembea. Chanzo ni virusi vya kampuni ya dawa iitwayo Umbrella. Kinachotisha hasa ni hesabu.

Unachagua Chris Redfield au Jill Valentine. Chris ana nafasi 6 za kubebea vitu, Jill 8. Bastola inakula nafasi, risasi zinakula, ufunguo unakula, hata yale majani ya kijani ya kutibu majeraha. Kuhifadhi ulipofikia nako kuna gharama: lazima uwe na utepe wa wino wa taipureta, na tepe ni za kutafuta. Basi mfu akitokea koridoni unajiuliza: nimmalizie risasi, au nimkwepe nikijua nitarudi kwa njia hii hii? Wavuvi wetu wa dagaa, wanaoingia ziwani usiku usio na mbalamwezi, wanaijua hesabu hiyo: mafuta yaliyobaki, na umbali wa kurudi mwaloni.

Halafu kuna kamera. PlayStation haikuwa na nguvu ya kuchora papo hapo vyumba vyenye mapambo mengi vile, kwa hiyo vilichorwa mapema kama picha tulivu na kamera ikafungwa mahali pamoja. Unajiona kutoka darini. Kona iliyo mbele yako huioni, unasikia tu miguu ikiburuzwa. Ukifungua mlango, skrini inakuwa nyeusi na mlango unafunguka taratibu, huku mashine ikisoma chumba kinachofuata kwenye diski. Udhaifu wa mashine ukageuzwa hofu, na hapo namvulia kofia Mikami. Mbwa wa kwanza alipopasua dirisha la korido, kaka alitupa padi.

Gemu nyingine ya woga, Silent Hill ya Konami, ilifuata 1999, na sinema ya Resident Evil aliyoigiza Milla Jovovich 2002. Mwaka 2005 Mikami mwenyewe, katika sehemu ya 4 ya Resident Evil, aliihamishia kamera nyuma ya bega, na mapigano yakazidi woga. Mpaka sehemu ya 7, mwaka 2017, ndipo Capcom waliporudi kwenye nyumba moja yenye giza.

Sehemu ya 5, ya Machi 2009, ndiyo iliyoniuma. Chris anapelekwa Kijuju, eneo la kubuniwa la Afrika Magharibi, na wanakijiji walioambukizwa wanapiga kelele kwa Kiswahili. Wanaitwa Majini. Kiumbe kinachoruka ni Kipepeo, popo mkubwa ni Popokarimu. Kwa mara ya kwanza nilisikia lugha ninayoota nayo ndani ya gemu maarufu duniani kote, ikitoka vinywani mwa watu niliotakiwa kuwapiga risasi. Kuhusu picha zake za 2007, mwandishi mweusi N'Gai Croal alishasema waziwazi ubaya wake, na alisema kweli. Kumweka Sheva Alomar, mwanamke wa Kiafrika, kando ya Chris hakukunitosha.

Lakini katika gemu hiyo hiyo unaokota shajara ya kijana mmoja wa kijiji cha kwenye maji. Anaeleza wageni walivyokuja kuwadunga watu sindano wakisema ni kinga, kisha jirani zake wakaanza kubadilika. Kurasa zake ni chache, unazisoma umesimama, unaendelea kufyatua. Mimi ningecheza gemu nzima ya kijana yule: kijiji chake, mtumbwi wake, risasi zake chache, na Kiswahili kikiwa lugha ya anayetaka kunusurika.