MASHINI INAYOSIKILIZA WANAOKOROMA

Watu hucheka wanaposikia mtu akikoroma. Wengine husema, "Amelala vizuri, usingizi wake ni mzito." Lakini si kila mwenye kukoroma anapumzika. Kwa hiyo siku hizi madaktari wa usingizi hutumia kompyuta iliyofundishwa kusikiliza sauti za usiku.

Kukoroma kunatoka wapi?

Tukilala, nyama za koo hulegea na njia ya hewa huwa nyembamba. Hewa ikipita, kaakaa laini na kilimi hutetemeka. Ndiyo sauti tunayosikia. Kwa watu wengine njia hufungwa kabisa. Pumzi husimama sekunde 10 au zaidi, kisha mtu hushtuka na kuvuta hewa kwa kishindo. Pumzi ikisimama mara 30 kwa saa, ugonjwa ni mkali. Asubuhi kichwa kinauma. Mchana mtu anasinzia, hata akiendesha motokari.

Kompyuta inafundishwaje?

Ni kama mtoto wa shule ajifunzavyo herufi. Wataalamu hunasa sauti, huzikata vipande, na kuandika juu ya kila kipande: huku ni kukoroma, huku ni kukohoa, hili ni blanketi. Kompyuta hukisia, huonyeshwa kosa lake, hujaribu tena mara nyingi. Mwisho hupewa mtihani wa sauti za watu ambao haijawasikia kamwe. Maana mwenye kushika majibu kwa kichwa tu hajajifunza.

Katika Ujerumani madaktari walikusanya sauti 828 za wagonjwa 219. Mgonjwa alilazwa kwa dawa, na mpira mwembamba wenye kamera ukapitishwa puani, ili waone ni wapi panapotetemeka: kaakaa, kando za koo, shina la ulimi, au kifuniko cha njia ya hewa. Mwaka 2017 wataalamu walishindana kufundisha kompyuta kutambua mahali hapo kwa sauti tu. Kubahatisha kungepata 25 kwa 100. Njia ya kwanza, iliyotolewa na waandalizi, ilipata 58.5. Kazi ilikuwa ngumu, kwa maana sauti za kaakaa zilikuwa 484, lakini za ulimi 39 tu. Mwanafunzi hajui asichofundishwa.

Hatari iko katika kimya

Tena ujue neno hili: kelele si ugonjwa wenyewe. Pumzi inaposimama, hakuna kukoroma, chumba kinanyamaza. Mashini inayohesabu kukoroma tu hupita hatari bila kuiona. Kwa sababu hiyo madaktari hupima pia pumzi, moyo, ubongo na oksijeni ya damu.

Mambo ya kushika

1. Mama, ukilala karibu na mume wako, usisikilize kelele tu. Sikiliza kimya. Je, anakoroma, ananyamaza, kisha anashtuka kama mtu aliyekabwa? Umweleze daktari, mgonjwa mwenyewe hawezi kujisikia.

2. Pombe na dawa za usingizi hulegeza koo zaidi. Usimpe.

3. Kulala kwa ubavu huwasaidia wengi.

4. Mtoto anayekoroma kila usiku apelekwe hospitali aangaliwe koo.

5. Usikate tamaa. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Australia walieleza mashini inayopuliza hewa puani usiku kucha, koo lisifungwe. Mpaka leo inatumika.