Kitenzi Kikae Wapi? Tujifunze Sentensi ya Kiholanzi

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Mama mmoja anayesubiri kumfuata mumewe Uholanzi anauliza: "Maneno nayakariri, lakini nikiyaunganisha mume wangu anacheka kwenye simu. Nakosea wapi?" Mwalimu wa lugha yuko nasi. Karibu, Mwalimu.

MWALIMU: Asante. Mama, maneno yako ni sawa. Nafasi zake ndizo zinakusumbua. Kwa Kiswahili utasema "Nitakuja kesho" au "Kesho nitakuja", na yote ni sawa. Kiholanzi kina sheria: katika sentensi ya kawaida, kitenzi hukaa nafasi ya pili.

MTANGAZAJI: Tupe mfano.

MWALIMU: *Ik kom morgen.* *Ik* ni mimi, *kom* ni kuja, *morgen* ni kesho. Herufi g hapo isome kama kh ya jina Khamis. Sasa anza na kesho: *Morgen kom ik.* Kitenzi hakikuondoka nafasi ya pili. "Mimi" ndiye aliyehamia nyuma yake. Wengi husema "Morgen ik kom". Hapo ndipo baba anapocheka.

MTANGAZAJI: Na swali je?

MWALIMU: Kitenzi kinatangulia: *Kom je morgen?* Utakuja kesho?

MTANGAZAJI: Vitenzi vikiwa viwili?

MWALIMU: Kimoja kinabaki nafasi ya pili, kingine kinaenda mwisho. Mtoto akiugua, utapiga simu shuleni: *Mijn dochter kan vandaag niet komen.* Binti yangu hawezi kuja leo. Ukitaja sababu kwa neno *omdat*, kitenzi chake kinaenda mwisho: *omdat ze ziek is*, kwa sababu anaumwa.

MTANGAZAJI: Basi lazima mtu asikilize hadi mwisho.

MWALIMU: Hasa! Sisi tunakanusha mapema: "sijapata". Wao husema *Ik heb de brief niet ontvangen*, sijapata barua. *Niet*, lile neno la kukanusha, limechelewa kufika. Ukiitikia kwa kichwa kabla hujalisikia, unaweza kukubali usilolitaka, tena mbele ya daktari au ofisa. Subiri mwisho. Usipoelewa, usione haya, sema: *Ik begrijp het niet.* Sielewi.

MTANGAZAJI: Wenye madaftari, geuzeni sentensi hii ianze na *vandaag*, yaani leo: *Ik kom vandaag.* Jibu ni kipindi kijacho. Kwaherini.

(Muziki)