Asumini, Yasmina, Jasmine: Asili na Maana ya Jina Moja

Mjini Kisangani mtoto wa kike huweza kuitwa Asumini, Yasmina au Jasmine. Aghalabu la kwanza huhesabiwa kuwa jina la Kiswahili, la pili la Kiislamu, na la tatu la Kifaransa. Isimu, hata hivyo, yaonyesha kwamba yote matatu ni jina moja, na shina lake ni la Kiajemi.

Katika Kiajemi, yasaman au yasamin ni ua dogo lenye harufu nzuri. Katika karne ya 1 tabibu Mgiriki Dioscorides aliyataja mafuta ya ua hilo yaliyotumiwa na Waajemi. Waarabu walilichukua neno hilo wakasema yasamin, na kutoka kwao likafika Ulaya, ambako Wafaransa husema jasmin. Baadhi ya vitabu vya majina hulipa maana ya "zawadi ya Mungu". Maana hiyo haina msingi katika Kiajemi. Jina ni la ua tu.

Kiswahili kililipokea neno kwa kanuni zake chenyewe. Y ya mwanzo ilidondoshwa, irabu u ikawekwa kati ya s na m, na irabu i ikaongezwa mwishoni. Mabadiliko kama hayo ya katikati huonekana katika msumari, kutokana na mismar ya Kiarabu. Hali kadhalika sarufi ya Kibantu ilifanya kazi yake: ua ni asumini, na mmea wake ni mwasumini. Katika pwani asumini hufungwa pamoja na mrehani kuwa kikuba, pambo la wanawake, na haikosekani arusini. Kwa hiyo anayempa mwanawe jina hilo humtakia uzuri, usafi na heshima.

Kiswahili kilifika Kisangani kwa misafara ya biashara iliyopitia Kasongo na Nyangwe na kuufuata mto Lualaba. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa liwali wa Stanley Falls, na lugha hiyo pamoja na Uislamu vikatia mizizi. Kifaransa kilikuja na utawala wa kikoloni na shule zake. Ndivyo jina moja lilivyoingia kwa milango miwili.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru wananchi waache majina ya Kikristo ya kigeni, na kifungu cha 58 cha Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 kiliagiza majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa nchi. Je, Asumini ni mgeni katika urithi huo? Ikiwa shina ndilo hukumu, basi neno serikali nalo ni geni, kwani latokana na sarkar ya Kiajemi; vivyo hivyo bandari na bustani.

Yafaa basi kutenga mambo mawili: asili ya neno na uenyeji wake. Asili huonyesha lilikotoka. Uenyeji huthibitishwa na matamshi, sarufi na matumizi ya wasemaji. Kwa asili, Asumini ni Mwajemi. Kwa uenyeji, ni jina la Waswahili, na wasemaji wa Kiswahili wa Kisangani ni miongoni mwa warithi wake.