Je, Wajua? Uluguru kwa Masikio

Mlima waweza kugeuka "IMG 4021"

Programu ya kusoma skrini, ile inayomsomea asiyeona yaliyomo kwenye simu, ikikutana na picha isiyo na maelezo mara nyingi husoma jina la faili tu. Basi safu ya Uluguru ya Morogoro, yenye vilele vinavyopita meta 2,600 na ndege wake wa kifua cha manjano asiyepatikana popote pengine duniani, inaishia kuwa herufi tatu na namba nne. Dawa yake ni sentensi moja inayofichwa nyuma ya picha: "Kilele cha Bondwa asubuhi, minara ya mawasiliano ikitokeza juu ya ukungu." Kuiandika hakumalizi hata dakika, na msikilizaji anaupata mlima wake.

Herufi mbili hubadili lafudhi

Kila ukurasa wa tovuti unaweza kutaja lugha yake, na alama ya Kiswahili ni "sw" tu. Fundi akisahau akaacha "en", simu yaweza kusoma tangazo zima la mgao wa maji Kihonda kwa matamshi ya Kiingereza. Hebu jaribu kutamka "Mzumbe" kama Mwingereza aliyeshuka ndege jana!

Jua la Msamvu ni mtihani

Maandishi meusi juu ya nyeupe yana tofauti ya mwangaza ya 21 kwa 1, na hakuna inayoizidi. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti unataka maandishi ya kawaida yafikishe angalau 4.5 kwa 1. Kile kijivu hafifu wanachokipenda wabunifu (sijui nani aliwaroga) mara nyingi hakifiki hapo. Mwenye uoni hafifu anaumia kila siku. Wewe mwenye macho mazima utamwelewa saa saba mchana, stendi ya Msamvu, ukitafuta namba ya basi kwenye simu.

Intaneti imo kwenye mkataba

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaja intaneti waziwazi katika ibara ileile inayozungumzia barabara na majengo. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Alama ya X humwokoa abiria

Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini, karibu mmoja kati ya 12 hutatizwa na nyekundu na kijani. Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, tiketi hununuliwa hata mtandaoni. Ukurasa wowote unaotenganisha viti kwa rangi peke yake humwacha asiyetofautisha rangi hizo akibahatisha. X juu ya kiti kilichochukuliwa inamaliza kazi.

Kuchapa kulianza kwa asiyeona

Mwanzoni mwa miaka ya 1800, Mwitaliano Pellegrino Turri alimtengenezea rafiki yake asiyeona, Carolina Fantoni, mashine ya kuchapa ili aandike barua zake mwenyewe. Ni miongoni mwa taipureta za kwanza kabisa kujulikana. Mashine imepotea, ila barua za mwaka 1808 zipo hadi leo. Na wino? Turri huyohuyo alijitengenezea karatasi ya kaboni.